Usirudi na picha, rudi na kanuni: mwongozo kamili wa kuliangalia ziwa na mawe ya Mwanza mpaka upate kazi ya sanaa ya kwako

Nianze na ugomvi kidogo. Ingia duka lolote la picha na vinyago hapa mjini, utakuta twiga watatu, Mlima Kilimanjaro, jua jekundu linazama na Mmasai kashika mkuki, halafu ukimuuliza aliyechora anakaa wapi anakwambia Mabatini kule juu kwenye mawe, yaani mtu anaamka asubuhi anaona ghuba yote iko chini yake, mitumbwi inarudi na dagaa, korongo wamejipanga juu ya bati la jirani, lakini akishika brashi anachora twiga aliyemnakili kwenye picha ya mtu mwingine ambaye naye alinakili. Silaumu njaa ya mtu, wateja wanataka twiga, sawa. Ila kama unataka kazi ambayo mtu akiiona anasema "huyu ni wa kwetu, na huyu ni fulani", itabidi ukae chini uangalie. Na kuangalia kuna ufundi wake, si kukodoa macho tu, ndio maana naandika hii.

Hata Edward Saidi Tingatinga, ambaye wengi wanadhani ndiye baba wa kunakili, alianza na kitu chake mwenyewe. Kijana wa Tunduru, yuko Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, hana turubai anatumia hadibodi, hana rangi za wasanii anatumia rangi ya kupaka baiskeli, na akatoka na wanyama ambao hakuna mtu alikuwa amewachora vile. Kafariki 1972, miaka michache tu ya kazi. Waliokuja baadaye wengi wamechukua picha zake badala ya kuchukua jicho lake.

Mwongozo huu ni kwa wachoraji hasa, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, lakini fundi batiki, seremala, mtunzi wa mashairi na mpiga ngoma wote wanaweza kuutumia, nitakuwa nawagusia njiani.

Hatua ya 1: chagua sehemu moja, tena ndogo

Usiseme "nitachora Ziwa Victoria". Ziwa lina kilomita za mraba karibu 68,800, utalianzia wapi? Chagua sehemu ambayo ukikaa unaweza kuimaliza kwa macho bila kugeuza shingo: jiwe moja na kichaka kilichoota kwenye ufa wake, kona ya mafunjo pale Luchelele, kipande cha mchanga Igombe wanapoanika dagaa, au nyuma ya nyumba yenu tu. Sharti kubwa ni kwamba uweze kurudi mara nyingi bila nauli kukushinda, maana sehemu nzuri ya mbali utaenda mara moja halafu basi.

Albrecht Dürer, Mjerumani mmoja wa zamani, mwaka 1503 alichora bonge la nyasi tu. Majani ya porini na udongo wake, hakuna mtu, hakuna mnyama, na mpaka leo wataalamu wa mimea wanaitaja mimea iliyomo mmoja mmoja kwa jina. Lile bonge ungeweza kulibeba kwa koleo moja. Sasa we unataka ziwa zima la nini?

Kisiwa cha Saanane nacho ni kizuri sana, kimekuwa hifadhi ya taifa tangu 2013, boti ni dakika chache tu kutoka upande wa Capri Point, kuna pimbi wanaota jua juu ya mawe na hawana haraka ya kukimbia. Ila kuna kiingilio, kwa hiyo kiweke kwa siku maalumu, si sehemu yako ya kila wiki.

Kama umechagua mwaloni, yaani pale mitumbwi inaposhusha samaki, Kirumba au mwingine, usiingie tu na daftari lako. Ongea kwanza na viongozi wa BMU, kile kikundi kinachosimamia mwalo, salimia wazee, shikamoo zako zisiishie mfukoni, waeleze akina mama wanaoanika dagaa unafanya nini, na usichore sura ya mtu bila kumwambia. Jiandae pia na swali hili, litakuja tu: "We kijana, unapima viwanja?" Huku kwetu milimani mtu akikuona umekaa na daftari unaangalia nyumba anajua bomoabomoa imefika. Mwonyeshe daftari lote, acha alipekue, utashangaa ndiye atakayekuletea kiti siku nyingine.

Usalama tusifanye mzaha. Kichocho kipo ziwani, hasa pale penye majani na konokono, kwa hiyo usiloweke miguu eti unatafuta hisia. Uliza wavuvi kuhusu mamba na viboko kabla ya kukaa karibu na matete. Ukisikia ngurumo shuka kutoka juu ya jiwe mara moja, usisubiri kumalizia mstari. Na usiingize mkono kwenye ufa wa jiwe usioona ndani, nyoka nao wamechagua sehemu zao.

Hatua ya 2: vifaa, na hapa sitakawia

Kaunta buku, penseli ya 2B, biki, raba, kisu cha kuchongea. Kipande cha kadibodi nyeupe ukitoboe tundu dogo katikati, nitakwambia kazi yake huko chini. Kofia na maji ya kunywa. Mkaa wa jikoni unafaa kabisa kuchorea, chagua kipande chembamba kilichoiva vizuri. Simu iwe mfukoni, imezimwa sauti. Unaweza kupiga picha mwishoni wakati unaondoka, kamwe si mwanzoni, maana ukishapiga picha akili inasema "tumeshapata" na macho yanafunga duka.

Kila ukurasa andika juu: tarehe, saa, upepo unatokea wapi, mawingu yakoje, jana ilinyesha au la. Hili si pambo. John Constable wa Uingereza, mwaka 1821 na 1822, alikuwa anakaa Hampstead kule London anachora mawingu tu kwa rangi ya mafuta kwenye karatasi, na nyuma ya vipande hivyo anaandika siku, saa na upepo. Mawingu yake baadaye yakikaa juu ya picha kubwa hayaelei hovyo, unaona kabisa hii ni mvua inakuja au imeshapita.

Hatua ya 3: ijue saa ya kwenu

Sisi tuko karibu na ikweta, nyuzi mbili na nusu tu kusini, na tuko magharibi ya nchi, kwa hiyo jua letu lina tabia yake. Linachomoza kwenye saa 1 kasoro robo asubuhi karibu mwaka mzima, linazama kwenye saa 1 kasoro jioni, na likishazama giza linaingia haraka, una dakika ishirini na kidogo tu, basi. Kivuli kifupi kabisa cha mchana hakipo saa 6 kamili kama wengi wanavyodhani, kinakuja karibu saa 7, na kuna miezi kinasogea robo saa mbele au nyuma. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua linapita utosini kabisa, jiwe halina kivuli pembeni, kivuli chote kimejificha chini yake. Mwezi Juni kivuli cha mchana kinalalia kusini, Desemba kinalalia kaskazini. Ukijua hivi ukaona picha ya "Mwanza mchana" yenye vivuli virefu, unajua mchoraji alikuwa chumbani.

Saa nzuri ya kuanzia ni asubuhi mpaka kama saa 3, na jioni kuanzia saa 10 na nusu. Mchana kati mwanga unapiga kutoka juu, kila kitu kinakuwa bapa, lakini siku moja moja nenda hata mchana, maana kuna vitu vinatoka muda huo tu.

Hatua ya 4: kaa, usifanye kitu

Dakika kumi hadi kumi na tano za kwanza usichore. Ukifika sehemu yoyote viumbe vinanyamaza na kujificha kwa sababu yako, mjusi kaingia ufani, ndege wamehama tawi. Ukitulia wanarudi. Ndio unaanza kuona ile sehemu ilivyo wakati wewe haupo.

Watu wengi wanashindwa hapa hapa, si kwenye kuchora. Mkono unawasha, unataka simu. Vumilia.

Hatua ya 5: maneno kwanza, mistari baadaye

Andika maneno kama ishirini ya unachokiona, lakini marufuku "nzuri", "ya kupendeza", "ya ajabu". Andika vitendo: inapasuka, inateleza, linainama, wanagombania, inakauka kuanzia ncha. Mtunzi wa mashairi hapa ndipo chakula chako kilipo, maana sifa zinachuja haraka ila kitendo kilichoonwa vizuri hakichuji. Mpiga muziki afanye hivi: chora duara, jiweke katikati, halafu kila sauti unayoisikia iweke alama upande inakotokea na umbali wake. Kasia linagonga ubavu wa mtumbwi, kwarara anapiga kelele, mashine ya kusaga iko kwa mbali, wimbi dogo linajibu baada ya boti kupita. Baada ya nusu saa utaona zipi zinajirudia na baada ya muda gani, na huo ni mpigo ambao hukuuiba kwa mtu yeyote.

Hatua ya 6: skechi nne, zote za haraka

Ya kwanza, chora bila kuangalia karatasi. Macho yanatembea kwenye ukingo wa kitu polepole, mkono unafuata, hautazami chini mpaka umalize. Itatoka mbaya sana, na ni lazima iwe mbaya, shida yetu ni kwamba mkono umeshazoea kuchora "jiwe" la kichwani, sasa tunaunyima nafasi.

Ya pili, chora nafasi badala ya vitu. Kwenye mafunjo usichore mashina, chora vipande vya anga vinavyoonekana katikati ya mashina. Mafunjo yatajitokeza yenyewe, na yatakaa sawa kuliko ungeyachora moja moja. Fundi batiki anajua hili bila kuambiwa, maana nta inalinda nafasi na rangi inakwenda kwingine.

Ya tatu, angalia dakika tano, geuka uipe mgongo sehemu yako, chora kwa kumbukumbu. Kisha geuka tena ulinganishe, na kwa biki ya rangi nyingine weka alama kila ulipobuni. Alama hizo ndizo zinakwambia kesho uangalie nini.

Ya nne ni kwa vinavyotembea. Ndege hakai pozi, lakini ndege hurudia pozi. Kwa hiyo ukurasa mmoja anza skechi nne au tano kwa pamoja, moja kainama, moja kanyoosha shingo, moja kakunja mguu, kila akirudia pozi unarukia skechi yake unaongeza mistari miwili. Mdiria, yule mdogo wa madoadoa meusi na meupe, ni mwalimu mzuri: anasimama hewani juu ya maji mabawa yanapiga vibaya mno lakini kichwa kimetulia tuli sehemu moja, halafu anajitupa. Ukichora kichwa kimetulia na mabawa yamevurugika, umempata, hata kama hujachora unyoya hata mmoja. Korongo nao, wale wakubwa wenye upara pale mwaloni, watu wanadhani magoti yao yamekunjika kinyumenyume. Lile si goti, ni kifundo cha mguu, goti lenyewe liko juu limefichwa na manyoya. Ukishajua hivyo mwendo wao kwenye karatasi unakubali wenyewe.

Hatua ya 7: tafuta kanuni (hapa kaa, usipite haraka)

Mpaka sasa umekusanya. Sasa uliza kwa nini, na uendelee kuuliza mpaka upate kanuni, yaani ile tabia inayofanya kitu kiwe kilivyo. Sura ya jiwe moja ukiibeba nyumbani una jiwe moja. Ukibeba kanuni yake unaweza kutengeneza mawe elfu ambayo hayapo, na mtu wa Mwanza akiyaona atasema haya ni ya kwetu.

Tuchukue hayo mawe. Haya ni matale ya zamani sana, zaidi ya miaka bilioni 2.5, ni miongoni mwa miamba mikongwe ya Afrika. Kwa nini ni ya mviringo, na kwa nini mengine yamekaa juu ya mengine utadhani kuna mtu kayapanga, mfano Jiwe la Bismarck pale karibu na kivuko cha Kamanga? Mwamba ulipokuwa bado chini ya udongo ulikuwa na nyufa, nyingine zimesimama nyingine zimelala, zimeukata kuwa mapande ya pembe nne. Maji yakaingia kwenye nyufa yakaanza kuuozesha. Sasa pembe ya pande la mwamba inaliwa kutoka pande tatu kwa wakati mmoja, ukingo unaliwa kutoka pande mbili, uso unaliwa kutoka upande mmoja tu, kwa hiyo pembe zinaisha kwanza, pande linakuwa duara, na udongo ukishasombwa na mvua mapande yanabaki yamekaliana vilevile yalivyokuwa. Hakuna aliyeyapanga, yalikuwa hapo hapo muda wote. Kanuni: nyufa zinakwenda kwa mistari iliyonyooka inayokatana, na pembe ndizo zinakufa kwanza. Nenda pale nje uangalie, utaona nyufa za mawe mawili yaliyo mbali zinaelekea upande mmoja. Seremala akichonga kiti kwa kanuni hiyo, akaacha uso bapa na kula pembe tu, kiti kitakuwa na umwanza wake bila kuchorwa jiwe hata moja.

Maji. Chini ya miguu yako unaona ndani, kokoto na samaki wadogo, ila ukiinua macho kuelekea mbali maji yanafunga, unaona anga tu. Kwa hiyo maji kwenye picha yako yasiwe na rangi moja kutoka chini mpaka juu. Taswira ya kitu cheusi kwenye maji inakuwa nyeupe kidogo kuliko kitu chenyewe, na ya kitu cheupe inakuwa nyeusi kidogo. Wimbi dogo linavuta mwanga kwenda chini kuelekea kwako, ndio maana taa za wavuvi wa dagaa usiku zinakuwa na mkia mrefu wa wima. Na kama unachora dagaa wa usiku usiweke mwezi mpevu, aisee, wavuvi watakucheka: taa zinavuta dagaa vizuri kwenye giza, mwezi ukiwa mkubwa wengi wanapumzika wanashona nyavu.

Mawingu. Mchana nchi kavu inapata moto kuliko maji, upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, mawingu yanarundikana juu ya vilima na nyumba huku juu ya ziwa kweupe. Usiku mambo yanageuka, nchi kavu inapoa, mawingu na radi vinahamia katikati ya ziwa, wewe umelala unaona mwanga unawaka kwa mbali bila sauti. Mchoraji wa anga akishika hilo tu keshawaacha wengi.

Mimea nayo. Kata shina moja la funjo uangalie kwa mbele, lina pembe tatu, si duara. Gugumaji linaelea kwa sababu kikonyo chake kimevimba na ndani kina hewa, na ua lake la zambarau lina petali moja ya juu yenye doa la njano. Hilo doa moja ndilo linalolifanya ua liwe gugumaji, ukilisahau umechora ua lolote tu. Maria Sibylla Merian, mwanamke aliyesafiri mpaka Suriname mwaka 1699 kuchora wadudu, alikuwa anaweka kiwavi, bundo (kiwavi akishajifunga kabla ya kutoka kipepeo), kipepeo na mmea anaoula kwenye ukurasa mmoja. Iga hilo: usichore kiumbe peke yake, mchore na anachokula na anapokaa. Wale wadudu wa ziwani wanaopanda juu kama moshi mara nyingi wakati wa mwezi mchanga, chora na ndege wanaowafuata, picha itakuwa na sababu.

Kanuni iandike kwa sentensi moja kwa maneno yako. Ikikushinda kuandika ujue bado hujaiona, rudi ukakae.

Hatua ya 8: rangi

Toa ile kadibodi yenye tundu. Funga jicho moja, angalia sehemu ndogo tu ya jiwe lililo kivulini kupitia tundu. Utashtuka. Ulikuwa unajua ni "nyeusi", kumbe ni bluu iliyochanganyika na kahawia, na pale karibu na mchanga inakuwa ya machungwa kidogo kwa sababu mchanga unairudishia mwanga. Kichwa kinatudanganya kuhusu rangi kuliko kitu kingine chochote. Kwa hiyo kivuli usikitoe kwenye kopo la rangi nyeusi moja kwa moja, changanya bluu na kahawia uone inavyopumua.

Kuna mjusi wa mawe hapa kwetu ambaye hata jina lake la kisayansi limechukuliwa Mwanza, Agama mwanzae. Dume lina kichwa na mabega mekundu ya kuelekea zambarau, mwili wa bluu iliyokolea, jike ni la kahawia. Asubuhi na mapema dume likiwa na baridi rangi imefifia, likishaota jua linawaka na linaanza kupiga kichwa juu chini kuwatisha wenzake. Nenda saa 2, kisha nenda saa 5, linganisha. Rangi kumbe ina saa yake.

Halafu furu. Hawa samaki wadogo ambao wavuvi wengi hawawapi heshima, watafiti wamewasoma miaka mingi kwenye Ghuba ya Mwanza na visiwa vya jirani. Kuna wawili ni ndugu wa karibu, dume la mmoja ni la bluu na la mwingine jekundu, huyo mwekundu amepewa jina la Mwalimu, Pundamilia nyererei. Wa bluu anakaa juu zaidi, mwekundu chini kidogo, maana maji yetu yana tope na mwani yananyonya mwanga wa bluu mapema, mwanga unaofika chini ni wa njano na wekundu. Utafiti uliotoka mwaka 1997 ulionyesha kwamba pale maji yanapochafuka majike hawatofautishi rangi vizuri, na madume wanafifia. Kwa mchoraji maana yake ni hii: chini ya ziwa letu siyo bluu. Ile bluu ya vitabu ni ya bahari ya watu wengine. Ya kwetu ni kijani cha njano, ukishuka inaelekea kahawia nyekundu. Sijaona wengi waliochora hivyo, njia iko wazi kabisa.

Hatua ya 9: nyumbani, siku hiyo hiyo

Usilale nayo. Fungua kaunta buku, ukurasa wa kushoto ni wa ulichokiona, wa kulia uache wazi kwa unachokiwaza, usivichanganye maana baada ya mwezi hutajua kipi uliona kipi ulibuni. Upande wa kulia nakili ile sentensi ya kanuni, halafu chora vidizaini vidogo vidogo, ukubwa wa kiberiti, kumi hivi, vyote vinatumia kanuni hiyo moja lakini kila kimoja kimegeuzwa. Badilisha ukubwa: ufa wa jiwe uwe barabara ya mji mzima. Badilisha malighafi: mistari ya dagaa waliotandazwa kwenye kichanja iwe mfumo wa mkeka wa ukindu. Badilisha mahali: mlinganyo wa mawe yaliyokaliana uweke kwenye watu wanaogombania daladala. Vitano vya kwanza vitakuwa vya kawaida, kila mtu angevifikiria, usivipende. Ubunifu unaanza pale unapoona umeishiwa.

Chagua kimoja, kingine acha. Sasa fanya kazi kubwa, na ufanye bila kuangalia picha ya simu. Ukikwama sehemu usibuni haraka, weka alama, kesho nenda kaangalie sehemu hiyo moja tu.

Hatua ya 10: irudishe kazi ilikotoka

Ikiwa nusu, ibebe mpaka pale pale ulipokaa, saa ile ile, isimamishe kando ya kitu chenyewe. Hutafuti zifanane. Unatafuta kama kanuni imebaki hai au imekufa njiani. Na uwaonyeshe wanaoishi hapo. Mvuvi hatakwambia habari za mpangilio wala hisia, atakwambia "mtumbwi huu umeupakia mbele, utazama", na yuko sahihi, ndiyo maana ulikuwa unahisi kuna kitu kinaanguka kwenye hiyo picha na hujui ni nini.

Kuhusu kubadilisha sehemu: usihame mpaka umeiona kwenye masika na kwenye kiangazi, angalau. Jiwe lililolowa na jiwe kavu ni kazi mbili tofauti, kuvu wa rangi wanaoota juu yake wanakolea mvua ikinyesha na kufifia jua likikaza.

Na nyuma ya kila kazi unayouza andika jina la sehemu, mwezi na saa, kwa penseli inatosha. Mteja akiuliza bei mtajie, akiuliza "twiga hamna?" mwambie twiga wako duka la pili mkono wa kulia.